Glenfarclas ya miaka 25: mwongozo kamili wa kuichagua, kuinunua, kuifungua na kuitunza

Chupa ya wiski ya Uskoti iliyokaa kwenye pipa robo karne si kitu cha kununua kwa pupa. Bei yake inaweza kulipa kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, na bado watu wengi huinunua kwa kuangalia namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa, wakaifungua kwenye sherehe, wakaimiminia barafu na soda, ikaisha kabla ya saa nne usiku bila mtu yeyote kujua ameonja nini. Hilo linaniuma kila ninapoliona. Mwongozo huu unafuata chupa moja, Glenfarclas ya miaka 25, kuanzia lebo yake hadi toti ya mwisho. Ukiielewa hii, utaweza kusimama mbele ya rafu yoyote ya single malt kongwe ukajua unachokitazama.

Nimeichagua kwa sababu mbili. Kiwanda chake kimekuwa mikononi mwa familia moja tangu 1865, kwa hiyo mambo mengi tunayoyaona kwenye glasi yanaweza kufuatiliwa hadi uamuzi wa mtu fulani. Pia, mara nyingi bei yake iko chini ya wiski za umri uleule kutoka kwa majirani wenye majina makubwa zaidi. Msimamo wangu nautoa mapema: kwenye wiski kongwe unalipia pipa zuri na subira ya aliyelitunza. Miaka peke yake haimfanyii mtu kazi.

Mwongozo huu ni kwa watu wazima wanaokunywa. Ukinywa, usiendeshe gari wala pikipiki.

Hatua ya 1: Soma lebo kabla ya kutoa pesa

Wiski ya Uskoti inalindwa na kanuni za mwaka 2009, na karibu kila neno kwenye lebo lina maana ya kisheria. Ili iitwe Scotch, lazima ikae Uskoti kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, kwa angalau miaka 3, na iingizwe kwenye chupa ikiwa na nguvu isiyopungua asilimia 40. Kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji na rangi ya karameli tu. Hakuna sukari, hakuna ladha za dukani.

Maneno Single Malt yanasema mambo mawili: imetengenezwa kwenye kiwanda kimoja tu, na nafaka yake ni kimea cha shayiri peke yake, kilichopikwa kwenye vyungu vya shaba. Haimaanishi imetoka kwenye pipa moja. Ndani ya chupa ya Glenfarclas 25 kuna mapipa mengi yaliyochanganywa na fundi ili ladha ifanane mwaka hadi mwaka. Ukitaka pipa moja, tafuta lebo inayosema Single Cask. Ukiona Blended Malt, hapo vimechanganywa vimea vya viwanda tofauti. Blended Scotch ndiyo ile ya kawaida ya baa zetu, yaani malti iliyochanganywa na wiski ya nafaka nyingine kama ngano au mahindi.

Namba ya umri ni ya wiski changa kuliko zote zilizomo. Chupa ya 25 inaweza kubeba ndani yake wiski ya miaka 28 au 30, lakini haiwezi kuwa na hata tone la miaka 24. Ndiyo maana namba hiyo unaweza kuiamini, kama chupa yenyewe ni halali. Jihadhari na lebo zinazoandika mwaka wa kuanzishwa kiwanda kwa wino mkubwa wa dhahabu huku umri wa wiski haupo popote. Mteja mwenye haraka huusoma mwaka ule kama umri.

Angalia pia nguvu. Glenfarclas 25 ina asilimia 43. Ujazo kwa soko la Ulaya na Afrika ni sentilita 70. Chupa za soko la Marekani kwa kawaida zilikuwa za sentilita 75. Ukiikuta ya 75 kwenye duka la hapa kwetu, uliza imefikaje.

Hatua ya 2: Kijue kiwanda

Glenfarclas ipo Ballindalloch, eneo la Speyside, kaskazini mashariki mwa Uskoti, chini ya mlima Ben Rinnes ambao chemchemi zake ndizo zinazokipa kiwanda maji. Leseni yake ni ya 1836, wakati wa mkulima aliyeitwa Robert Hay. Tarehe 8 Juni 1865, John Grant alikinunua kwa pauni 511 na shilingi 19. Mwanzoni alikikodisha kwa John Smith, fundi aliyeondoka baadaye kuanzisha kiwanda cha Cragganmore, kisha Grant na mwanawe George wakakiendesha wenyewe. Tangu hapo majina John na George yamekuwa yakipokezana katika ukoo huo, na kampuni hadi leo inaitwa J. & G. Grant.

Kuna kipindi ambacho kila mnunuzi wa wiski kongwe anapaswa kukijua. Miaka ya 1890 Uskoti ilikuwa na homa ya wiski. Viwanda vilifunguliwa kila kona na mikopo ilimwagwa. Familia ya Grant iliingia ubia na ndugu Robert na Walter Pattison wa Leith, wafanyabiashara waliokuwa na matangazo makubwa kuliko mali. Kampuni ya Pattison ilianguka mwaka 1898 na kuburuta wengine wengi, na ndugu hao wakafungwa kwa udanganyifu mwaka 1901. Familia ya Grant ilibaki na madeni yaliyochukua miaka mingi kulipwa, lakini haikukipoteza kiwanda. Tangu hapo wamekuwa waangalifu sana na wabia.

Hilo linaingiaje kwenye glasi yako? Kampuni yenye wanahisa wengi hupata shinikizo la kuuza wiski ikiwa na miaka 10 au 12, pesa ikarudi haraka. Familia inayojitegemea inaweza kuliacha pipa lilale mpaka mjukuu alikute. Mwaka 2007 Glenfarclas walitoa mfululizo walioupa jina The Family Casks: mapipa 43, moja kwa kila mwaka kuanzia 1952 hadi 1994, bila kuruka hata mwaka mmoja. Ni viwanda vichache mno vyenye ghala la kuweza kufanya hivyo.

Upikaji nao una jambo la kulitazama kwa karibu. Kimea chao hakifukizwi moshi wa mboji, yaani udongo wa kinamasi unaokaushwa na kuchomwa kama kuni, kwa hiyo usitarajie harufu ya moshi kama ya wiski za kisiwa cha Islay. Baada ya kusaga, kuloweka kwa maji ya moto na kuchachusha kwa hamira, wanapata kitu kinachofanana na bia isiyo na povu. Hiyo huchemshwa mara mbili kwenye vyungu vya shaba. Vipo sita, na ni miongoni mwa vikubwa kabisa Speyside. Viwanda vingi siku hizi huchemsha kwa mvuke unaopita kwenye mabomba. Glenfarclas bado wanawasha moto wa gesi moja kwa moja chini ya chungu. Ndani ya chungu cha kwanza kuna minyororo inayozunguka ikikwangua sakafu ili mashapo yasigande na kuungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walijaribu mvuke kwenye chungu kimoja. Wiski iliyotoka ilikuwa nyepesi, haina mwili, yaani uzito mdomoni, wakarudi kwenye moto. Uzito huo ndio unaoiwezesha kuhimili miaka 25 ndani ya mwaloni bila kumezwa na ladha ya mbao.

Hatua ya 3: Elewa pipa limefanya nini

Hapa ndipo pesa yako nyingi inapokwenda, kwa hiyo tukae kidogo.

Maji yanayotoka kwenye chungu hayana rangi yoyote. Ukiyatia kwenye glasi utadhani ni gongo safi. Rangi ya kahawia na sehemu kubwa ya ladha hutoka kwenye pipa. Mwaloni huacha vanila, viungo na tanini, ule ukakasi unaoupata kwenye chai iliyochemka kupita kiasi. Wakati huohuo hewa inaingia taratibu kupitia mbao na kulainisha makali.

Glenfarclas hutumia zaidi mapipa yaliyobeba sheri aina ya oloroso, mvinyo wa Hispania ulioongezewa spiriti, wenye harufu ya njugu na matunda makavu. Zamani mapipa haya yalipatikana kirahisi, kwa kuwa sheri ilisafirishwa kwenda Uingereza ikiwa ndani ya mapipa, na mapipa matupu yakabaki huko. Miaka ya 1980, sheri ilipoanza kufungwa kwenye chupa hukohuko Hispania, biashara hiyo ikakatika. Sasa viwanda hulazimika kuagiza mapipa yakolezwe sheri kwa ajili yao, na gharama imepanda sana. Pipa la sheri huwa ghali mara kadhaa kuliko pipa lililobeba bourbon, wiski ya Marekani.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni kwamba pipa lililotoka kubeba sheri, likijazwa wiski kwa mara ya kwanza, lina nguvu nyingi mno. Kwa miaka 10 au 15 linapendeza. Ukiiacha wiski humo miaka 25, inaweza kutoka nyeusi, kali, yenye kukausha ulimi, na utamu wa kimea umepotea kabisa. Kwa hiyo wiski nyingi kongwe zilizo nzuri hukaa kwenye mapipa yaliyokwisha kujazwa mara mbili au tatu, ambayo hutoa ladha polepole. Ndiyo maana rangi nyeusi sana haiwezi kuwa kipimo chako cha umri wala ubora. Glenfarclas hawaongezi karameli, na 25 yao ina rangi ya kaharabu. Kuna wiski za miaka 12 sokoni zilizo nyeusi kuliko hiyo kwa msaada wa rangi.

Halafu kuna kinachopotea. Pombe huvukiza kupitia mbao, na Waskoti hukiita kiasi hicho fungu la malaika. Wastani wake huko ni karibu asilimia 2 kwa mwaka. Piga hesabu: pipa kubwa la sheri lina lita 500. Likipoteza asilimia 2 ya kilichobaki kila mwaka, baada ya miaka 25 zinabaki lita 300 hivi. Likifika miaka 40 hata nusu haifiki. Nguvu nayo inashuka. Wiski huingizwa kwenye pipa ikiwa na asilimia 63 na nusu kwa kawaida, na ikiteremka chini ya 40 kabla ya kufungwa kwenye chupa, kisheria haiwezi tena kuuzwa kama wiski ya Uskoti. Kwa hiyo mtunza ghala hupima mapipa yake mara kwa mara, na mengine huyatoa mapema kwa kuwa yanaelekea kuanguka.

Maghala ya Glenfarclas, zaidi ya 30, ni ya mtindo wa kizamani: kuta nene za mawe, sakafu ya udongo, mapipa yamelazwa kwa tabaka chache tu. Ndani ni baridi na unyevunyevu mwaka mzima, na joto halipandi na kushuka ghafla. Polepole hiyo ndiyo inayowezesha miaka 25, 30 au 40. Pipa hilohilo ukiliweka Tanga au Mombasa, malaika wangelimaliza muda mrefu kabla.

Hatua ya 4: Panda ngazi, usirukie juu

Kama hujawahi kunywa single malt yoyote, usianze na ya miaka 25. Hutakuwa na cha kulinganisha, na huenda ukaiona laini tu ukajiuliza fujo zote ni za nini.

Njia nzuri ni kupanda ndani ya kiwanda kimoja. Glenfarclas 10, yenye asilimia 40, ni nyepesi, ina asali na zabibu kavu. Ya 15 ina asilimia 46 na kwangu mimi ndiyo yenye thamani kubwa kuliko bei yake katika safu yote. Ina ngozi, maganda ya machungwa, na mwili mzito. Ya 105 ina asilimia 60 (namba hiyo si umri, ni kipimo cha zamani cha nguvu), na ilianza Krismasi ya 1968 kama zawadi ya chupa kwa marafiki wa familia. Hiyo lazima uiongezee maji. Ukishazijua hizi, toti moja ya 21 kisha moja ya 25 zitakuonyesha wazi umri unaongeza nini na unaondoa nini. Unaondoa ukali na utamu wa haraka. Unaongeza kina, ukavu, na ladha inayobaki mdomoni dakika nyingi.

Kuna watakaoipenda ya 15 kuliko ya 25. Kama ni wewe, nunua ya 15, na pesa iliyobaki ifanyie mambo mengine. Hakuna aibu hapo.

Hatua ya 5: Punguza mzigo kwa mchango

Chupa ya sentilita 70 inatoa toti 28 za mililita 25. Hakuna sababu ya mtu mmoja kuibeba peke yake. Watu saba wakichangishana, kila mmoja anapata mililita 100, yaani toti nne, na hiyo inatosha kabisa kuijua wiski hii. Nunueni vichupa vidogo vya glasi vyenye vifuniko vya kukaza, vya mililita 50 au 100, vioshwe na kukaushwa vizuri. Mgawaji atumie bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe cha kupimia, mbele ya wote. Kila kichupa kibandikwe jina na tarehe. Plastiki haifai, huacha harufu.

Wekeni na utaratibu wa pesa kabla: kila mtu alipe kwanza, ndipo chupa inunuliwe.

Hatua ya 6: Nunua bila kuibiwa

Wiski kongwe ni shabaha ya wahuni. Mwaka 2018 maabara ya kituo cha utafiti cha vyuo vikuu vya Uskoti, SUERC, ilipima chupa 55 za wiski adimu zilizokuwa zikizunguka sokoni, na 21 zikabainika kuwa bandia. Maabara hiyo hutumia kaboni iliyosambaa angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia: shayiri iliyoota baada ya miaka ya 1950 inabeba alama hiyo, ya kabla yake haina. Mwaka mmoja kabla, 2017, mteja katika hoteli moja Uswisi alilipa karibu faranga 10,000 kwa toti moja ya Macallan iliyodaiwa kuwa ya 1878. Vipimo vilionyesha ni pombe ya kuanzia miaka ya 1970, tena ya mchanganyiko. Hoteli ilimrudishia pesa zake.

Wewe hutapeleka chupa maabara, lakini unaweza kufanya haya:

Nunua duka linalojulikana, linalotoa risiti yenye jina la bidhaa na umri wake. Kwa Kenya, chupa ya pombe inayouzwa madukani lazima iwe na stempu ya ushuru, na unaweza kuikagua kwa programu ya KRA iitwayo Soma Label. Kwa Tanzania, TRA wana programu ya Hakiki Stempu. Itumie hapohapo kaunta, muuzaji akikuona.

Inua chupa kwenye mwanga. Kiwango cha wiski kiwe ndani ya shingo, si begani. Wiski isiwe na chembe zinazoelea wala ukungu. Karatasi ya kufunika kizibo isiwe na mkunjo wa kufunguliwa na kubandikwa tena. Lebo iwe imenyooka, herufi ziwe na kingo kali, na tahajia isiwe na kasoro. Tafuta namba ya ufungashaji iliyochapwa kwenye kioo, kawaida karibu na chini. Kama imekwanguliwa, ondoka.

Usinunue boksi au chupa tupu zenye kuvutia, na zako zikiisha usiziuze wala kumpa mtu asiyejulikana. Ndizo zinazojazwa upya. Vunja au kwangua lebo kabla ya kutupa.

Bei ikiwa nusu ya ile ya maduka mengine, hiyo si bahati. Na pombe bandia haikuli pesa tu. Methanoli, aina ya pombe yenye sumu, hupofusha na kuua.

Ukinunua safarini, kumbuka sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mwenye umri wa miaka 18 au zaidi kuingiza lita 1 ya pombe kali bila ushuru. Chupa moja ya sentilita 70 imo. Mbili hazimo, kwa hiyo itangaze ya pili ulipie. Kama unabadilisha ndege njiani, dukani watakufungia kwenye mfuko maalumu wenye risiti ndani. Usiufungue mpaka ufike nyumbani, la sivyo kwenye ukaguzi unaofuata watakunyang'anya. Kwenye begi la kupakiwa, pombe ya zaidi ya asilimia 24 hadi 70 inaruhusiwa, isizidi lita 5 kwa mtu, ikiwa kwenye vifungashio vyake vya dukani. Viringisha kwa nguo, weka katikati.

Hatua ya 7: Fungua kwa mkono wa taratibu

Kizibo cha wiski ni gome la mti lenye kichwa cha mbao au plastiki. Kikikaa miaka dukani chupa ikiwa wima, hukauka na kukatika. Kabla ya kufungua, laza chupa sekunde chache ili kizibo kilowe, kisha isimamishe. Shika kizibo kwa mkono mmoja kisitikisike, na uzungushe chupa kwa mkono mwingine, huku ukivuta kidogo kidogo. Watu wengi hufanya kinyume, wanapinda kizibo pembeni, na hapo ndipo kinapokatika.

Kikikatika, usikisukume ndani. Chukua kizibuo cha mvinyo, kiingize kwa mshazari polepole, uvute. Vipande vikiangukia ndani, chuja wiski yote kwa chujio safi la chai kwenye chombo cha glasi, suuza chupa kwa wiski kidogo, rudisha, na ufunge kwa kizibo cha chupa nyingine ya wiski ulichokiosha. Ladha haitaharibika.

Hatua ya 8: Kunywa

Andaa glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Ile iitwayo Glencairn imetengenezwa kwa kazi hii, lakini glasi ndogo ya mvinyo inafaa vilevile. Glasi fupi pana za baa hutawanya harufu yote. Ioshe kwa maji ya moto bila sabuni nyingi, ikauke kwa hewa. Kitambaa cha jikoni huacha harufu ya vitunguu.

Chagua muda ambao hujala pilipili wala kuvuta sigara, na hujapaka manukato. Udi ukiwa unafuka sebuleni, hamia barazani.

Mimina mililita 25. Halafu subiri. Wapenzi wa wiski wana desturi ya kuipa dakika moja kwa kila mwaka wa pipa, na kwa Glenfarclas 25 naiona desturi hiyo kuwa sahihi kabisa. Dakika za mwanzo utapata mwaloni na spiriti. Baada ya robo saa harufu inafunguka: marmaledi ya machungwa, asali, kahawa iliyosagwa muda huohuo, lozi. Usiizungushe kwa nguvu kama mvinyo, pombe itakuchoma pua. Sogeza glasi kwenye pua mdomo ukiwa wazi kidogo, vuta hewa kifupi, ondoa, rudia.

Funda la kwanza liwe dogo sana, la kuuzoesha ulimi. La pili likae mdomoni, lizungushe chini ya ulimi na kwenye fizi, kisha meza. Utapata zabibu kavu, chokoleti nyeusi, njugu, halafu ukavu wa mwaloni unaokuja taratibu na kubaki. Ukavu huo ni sehemu ya wiski hii. Anayetaka utamu mtupu hataifurahia.

Maji? Onja kwanza bila maji. Kisha dondosha matone mawili kwa kijiko, maji safi yasiyo na harufu ya klorini, unuse tena. Kwa wiski ya asilimia 43 matone machache yanatosha. Ukizidisha, ladha za miaka 25 zinalegea na kuwa maji ya mbao. Barafu huziba harufu na kuganzisha ulimi, na soda ya kola huifunika kabisa. Mwenye chupa ana haki ya kunywa apendavyo, ila kwa wiski hii nasema waziwazi: tafuta chupa ya bei nafuu kwa ajili ya soda. Itakuwa tamu vilevile.

Ukimaliza, usioshe glasi usiku huo. Asubuhi inuse ikiwa tupu. Pombe imeondoka, na kilichobaki ni harufu ya pipa: matunda makavu, mbao, kidogo kama sanduku la kale.

Hatua ya 9: Itunze kwenye joto letu

Wiski ikishaingia kwenye chupa haiongezeki umri. Ya miaka 25 iliyokaa kabatini miaka 20 bado ni ya miaka 25. Kwa hiyo kutunza ni kuzuia uharibifu tu.

Isimamishe wima daima, kwani pombe kali ikigusa kizibo kwa miezi hukila. Iweke mbali na jua. Mwanga hufifisha rangi na ladha. Kwa miji ya pwani, joto ndilo adui mkubwa: juu ya friji, karibu na jiko, au kwenye gari hapafai hata siku moja. Kabati la chini katika chumba chenye hewa ni bora. Friji haihitajiki.

Chupa ikiwa na zaidi ya nusu, itakaa vizuri mwaka mzima au zaidi. Ikishuka chini ya nusu, hewa iliyomo huanza kuidhoofisha, kwa hiyo hamishia kwenye chupa ndogo uijaze hadi shingoni, au waite rafiki mmalizie katika miezi michache. Ikibaki robo, usiiachie kumbukumbu. Inywe.

Ukitangaziwa kununua pipa zima

Mitandaoni kuna watu wanaouza mapipa ya wiski ya Uskoti kama uwekezaji, wakiahidi faida ya uhakika. Faida ya uhakika haipo: pipa huvuja, huvukiza, hushuka nguvu. Na huwezi kulileta nyumbani. Tangu Novemba 2012 single malt ya Uskoti lazima ifungwe kwenye chupa hukohuko Uskoti, pipa halitoki. Ukiamua kuendelea licha ya hayo, usikubali cheti chenye mhuri mzuri. Dai hati ya kuhamisha umiliki, namba ya pipa, jina la ghala la forodha, na uthibitisho wa maandishi unaotoka kwa mwenye ghala mwenyewe kuwa pipa lipo na lina jina lako. Dai pia kipimo cha hivi karibuni cha lita na nguvu. Muuzaji akisitasita kwa lolote kati ya hayo, funga mazungumzo.

Kufika kiwandani

Kwa walio Ulaya, au wenye safari ya Uingereza, kiwanda kinapokea wageni na kimekuwa na kituo chao tangu 1973. Kipo kando ya barabara ya A95, kati ya Grantown-on-Spey na Aberlour. Treni itakufikisha Aviemore au Elgin, kisha unahitaji gari. Weka nafasi kabla, hasa kama unataka onjo la wiski kongwe, na uliza siku za kufungwa, maana majira ya baridi ratiba hubadilika. Chumba cha kuonjea kina mbao za mwaloni zilizotolewa kwenye meli ya abiria Empress of Australia ilipovunjwa mwaka 1952. Kaa humo uinywe 25 kwa muda wake.

Kiwango cha pombe kwa dereva Uskoti ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu, chini kuliko sehemu nyingine za Uingereza, na toti moja inaweza kukutia matatani. Kama wewe ndiye dereva, omba onjo lako litiwe kwenye kichupa. Viwanda vingi Speyside vimezoea ombi hilo, na utainywa jioni ukiwa umefika unapolala.